Barua ya wazi kwa viongozi wa Iringa: kesi ya Mkungugu isimuliwe Isimani

Kwenu Waheshimiwa mnaouongoza Mkoa wa Iringa na wilaya zake, na kwenu mnaosimamia makumbusho, nyaraka za taifa, kumbukumbu za mahakama na vitabu vya historia vya shule zetu.

Jumamosi ya tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, alipigwa risasi akafa kijijini Mkungugu, Isimani. Aliyempiga ni mkulima wa hapo, Said Mwamwindi. Mkulima huyo hakukimbia. Aliupakia mwili kwenye gari la marehemu, akaendesha mwenyewe hadi polisi Iringa mjini, akajisalimisha. Mwaka uliofuata alishitakiwa kwa kuua kwa kukusudia mbele ya Mahakama Kuu, Jaji Onyiuke akamtia hatiani, akahukumiwa kunyongwa, na adhabu ikatekelezwa.

Hayo mtu yeyote wa Iringa anaweza kukusimulia bila kusita. Ukimuuliza yanayozidi hapo, kila mtu ana yake. Yupo atakayekwambia mkuu wa mkoa aliuawa na bepari mwenye roho mbaya. Yupo atakayekwambia mkulima alisukumwa mpaka ukutani na mtu wa serikali asiyesikia la mtu. Watoto ninaowafundisha wanakuja darasani na hadithi hizi mbili, wanabishana kama washabiki wa Simba na Yanga, halafu kengele inalia na hakuna aliyejifunza kitu.

Ninachowaomba ni kimoja. Yaandaliwe mazungumzo ya historia ya kesi hii, ya wazi, yatakayofanyikia Isimani, kwa Kiswahili, hukumu ikiwa mezani, na wazee walioishi wakati ule wakiwa wazungumzaji wakuu. Nitaeleza kwa nini nasisitiza mahali, na kwa nini nasisitiza sasa.

Nianze na trekta. Inajulikana kwamba siku ile Mwamwindi alikutwa akilima kwa trekta. Mtu wa mjini akisikia mtu alikuwa shambani siku ya Krismasi, anachukulia kwamba ulikuwa ubishi, au dharau kwa sikukuu. Mtu wa Isimani hashangai hata kidogo. Kwetu msimu wa mvua ni mmoja tu, unafunguka Desemba, na hautoi nafasi ya pili. Ukanda wote ule unaoshuka kutoka Iringa kuelekea Nyang'oro na Mtera ni wa nusu ukame, nchi ya mibuyu na vumbi. Mvua ya kwanza ikishalainisha ardhi, trekta linaingia siku hiyo hiyo. Ukichelewa wiki moja, mahindi yako yatafika kwenye mbelewele wakati mvua imekwisha kuondoka, na utavuna mabua. Tena Mwamwindi alikuwa Mwislamu. Desemba 25 kwake ilikuwa siku ya mvua kabla ya kuwa siku ya kitu kingine chochote.

Simwambii mtu kwamba hilo linahalalisha risasi. Halihalalishi. Lakini angalieni jinsi jambo dogo kama hilo linavyobadilisha picha yote, na jinsi mtu anayesimulia kesi hii akiwa kwenye kiti cha ukumbini anavyoweza kulipita bila kuliona. Isimani yenyewe ni sehemu ya ushahidi.

Ardhi ile ina historia yake pia, na bila hiyo kesi hii haieleweki. Sehemu kubwa ilikuwa pori na malisho. Kuanzia miaka ya 1940, na kwa kasi zaidi miaka ya 1950, watu walifika kutoka kila upande wakafyeka, wakapanda mahindi ya kuuza. Matrekta yakaja. Wafanyabiashara wakaja. Isimani ikawa ghala la mahindi linalotajwa nchi nzima. Lakini haikuwa neema ya wote. Kulikuwa na wachache wenye mashamba makubwa na matrekta, na kulikuwa na wengi waliokodi vipande vya ardhi au waliolima vibarua kwenye mashamba ya wenzao. Mahindi juu ya mahindi mwaka baada ya mwaka yalichosha udongo, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 mavuno yalikuwa yameanza kushuka. Ardhi ilikuwa na ugomvi ndani yake kabla serikali haijaleta mpango wowote.

Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 5, 1967, na Septemba mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akatoa andiko lake la Ujamaa Vijijini. Humo na katika maandiko yaliyofuata alisema wazi kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia katika kijiji cha ujamaa, yaani kijiji cha kuishi na kulima kwa pamoja, kwamba kazi ya kiongozi ni kueleza na kushawishi. Hayo yalikuwa maneno ya juu. Huku chini, mkuu wa mkoa alikuwa pia katibu wa mkoa wa TANU, chama tawala, mtu mmoja mwenye kofia mbili, na mafanikio yake yalipimwa kwa idadi ya vijiji. Mwaka 1971 jirani zetu wa Dodoma walikuwa katika Operesheni Dodoma, wanahamishwa. Dk. Kleruu alikuja Iringa akitokea Mtwara, mkoa uliokuwa na vijiji vya ujamaa vingi kuliko mkoa mwingine wowote, akiwa na sifa ya mchapakazi asiyejua kupumzika.

Hapa naomba tuwe wakweli kwa pande zote mbili. Kwa kibarua asiye na ardhi, ambaye kila msimu alilima shamba la mtu mwingine, mkuu wa mkoa aliyesema ardhi hii italimwa na wote alikuwa mkombozi. Watu hao walikuwapo Isimani, na walikuwa wengi kuliko wenye matrekta. Sauti zao karibu hazisikiki kabisa katika masimulizi ya siku hizi, kwa sababu siku hizi imekuwa rahisi kuuponda ujamaa. Na kwa mtu aliyefyeka pori kwa mikono yake, akazika ndugu zake kando ya shamba lake, kuambiwa kwamba shamba lile si lake tena lilikuwa jambo lisilomezeka. Watu hao nao walikuwapo. Siku ile ya Desemba walikutana wawili waliobeba mizigo hiyo miwili, kila mmoja na wake, na hapakuwa na mtu wa tatu kati yao wa kusema jamani tulieni.

Kilichosemwa pale kabla ya risasi ndicho kinachobishaniwa mpaka leo. Mwamwindi alijitetea kwamba alitukanwa na kuchokozwa kwa fimbo. Husimuliwa pia kwamba yalitajwa makaburi ya ndugu zake yaliyokuwa karibu, na kauli inayodaiwa kutolewa juu ya makaburi hayo nimeisikia kwa namna nyingi sana. Kwa Mhehe, kaburi la mzee wako shambani ndiyo hati yako. Anayeligusa kwa mdomo amekugusa wewe. Lakini masimulizi si ushahidi, na ndiyo maana tunahitaji jalada la kesi.

Nije mahakamani. Kesi ya Mwamwindi wanafunzi wa sheria wanaisoma mpaka leo. Muhtasari wake umo katika vitabu vya kesi za Mahakama Kuu vya mwaka 1972. Wanaisoma kwa sababu ya hoja ya kughadhibishwa. Kanuni ya Adhabu, katika vifungu vya 201 na 202, inasema kwamba aliyeua akiwa katika hasira ya ghafla iliyosababishwa na uchokozi, kabla hasira hiyo haijapata muda wa kupoa, hana hatia ya kuua kwa kukusudia bali ya kuua bila kukusudia. Tofauti ya maneno hayo mawili, mwaka 1972, ilikuwa tofauti ya gerezani na kitanzini. Na sheria inaendelea. Kipimo cha hasira si cha mtu yeyote tu popote duniani. Ni cha mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshitakiwa. Kwa hiyo mahakama ililazimika kujiuliza mtu wa kawaida wa jamii ya Mwamwindi angefanyaje akiambiwa yale na kufanyiwa yale. Ililazimika pia kuangalia kwamba bunduki haikuwa mkononi mwake kwenye trekta. Aliifuata nyumbani, akarudi nayo. Je, hatua zile za kwenda na kurudi zilitosha hasira kupoa? Jaji hakukubali utetezi wa kughadhibishwa.

Mnaona uzito wa maswali hayo? Ni maswali ambayo mzee yeyote wa Isimani, hata asiyejua kusoma, anaweza kuyajadili kwa kina kuliko mwanafunzi wa chuo. Ni nani anajua zaidi yake mtu wa kawaida wa jamii ile ni nani? Lakini hukumu iliandikwa kwa Kiingereza, kama zilivyoandikwa zote za Mahakama Kuu wakati ule. Uamuzi juu ya mtu wa kawaida wa Uhehe haukuandikwa kwa lugha anayoisoma mtu huyo wa kawaida.

Tangu mwaka 2021 sheria imebadilishwa na Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Mahakama yetu imefanya kazi ya kusifiwa kutafsiri hukumu nyingi. Naomba hii nayo itafsiriwe, yote, kuanzia mwenendo wa kesi na ushahidi uliotolewa, maoni ya wazee wa baraza walioketi na jaji, mpaka hukumu yenyewe. Maoni ya wazee wa baraza hasa yasomwe kwa sauti mbele ya watu, kwa sababu hao ndio waliowekwa pale ili jaji asikie jamii inasemaje. Nyaraka za umma katika nchi hii kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 30, na Sheria ya Nyaraka ya 2002 imelisema hilo. Kwa kesi iliyokwisha 1972, miaka hiyo imepita zamani. Magazeti ya wakati ule, Uhuru, Ngurumo, The Standard na Daily News iliyoirithi mwaka 1972, yapo kwenye maktaba Dar es Salaam. Redio ya taifa ilikuwapo. Hata nusu saa ya sauti ya siku zile, ikipatikana, ingefanya kazi ambayo mimi na chaki yangu hatuwezi kuifanya.

Sasa niwaambie kwa nini nasisitiza Isimani na si ukumbi wa mjini.

Niliwahi kuhudhuria mazungumzo ya historia kuhusu kesi hii, mjini. Waandaaji sitawataja, kwa sababu nia yao ilikuwa njema na lengo la barua hii si kumwaibisha mtu. Ukumbi ulikuwa mzuri, maji ya chupa yalikuwapo, picha zilionyeshwa ukutani. Wasomi walizungumza, kila mmoja kwa zamu yake, juu ya sera, juu ya matabaka, juu ya dola. Mengi waliyosema yalikuwa kweli na mimi niliyaandika kwenye daftari langu. Mwishoni kabisa, watu wakiwa wameshaanza kuangalia saa, kipaza sauti kilipelekwa kwa mzee mmoja aliyekuwa ametoka Isimani kwa basi asubuhi. Akaambiwa, mzee, dakika mbili, muda umetutupa mkono.

Mzee alisimama, akavua kofia, akaanza kama wazee wetu wanavyoanza. Alianza na mipaka. Upande huu wa shamba alikuwapo fulani, upande ule fulani, hapa palikuwa na njia ya ng'ombe, pale palikuwa na mti. Alikuwa anaonyesha kwa kiganja, kana kwamba shamba lote liko mezani mbele yake. Alikuwa anatuweka mahali, ili akianza kusimulia siku yenyewe tuwe tunaona anachoona. Kabla hajamaliza upande wa tatu, mwendeshaji alimshukuru, watu wakapiga makofi, mzee akakaa. Siku yenyewe hakuifikia.

Mpaka leo najiuliza angesema nini. Sisi tulitoka mle tukijua zaidi juu ya sera na hatukujua zaidi juu ya Mkungugu. Na mtu aliyekijua kile tulichokifuata alirudi kwao na basi la jioni akiwa nacho.

Waheshimiwa, mtu aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1971 sasa amepita 70. Waliokuwa watu wazima kweli, wenye mashamba, wenye vibarua, viongozi wa TANU wa matawi, polisi wa zamu, makarani wa mahakama, wengi wao tumekwisha kuwazika. Waliobaki ni wale waliokuwa vijana: waliosikia mlio, waliokimbilia kule, waliokatazwa na baba zao kulizungumza jambo lile nje ya nyumba. Hawa hawawezi kusubiri mipango ya miaka mitano. Kila kiangazi tunapotangaza msiba Kihorogota au Izazi, najua kuna ukurasa umekwenda.

Kwa hiyo kabla hata ya mazungumzo yenyewe, apatikane mtu mwenye kinasa sauti, anayejua Kihehe, akae nao nyumbani kwao. Asiende na dodoso la maswali ishirini. Aende na muda. Awaache waanze na mipaka. Makumbusho ya mkoa tuliyo nayo pale kwenye Boma la zamani la Wajerumani ni mahali panapofaa kabisa kutunza sauti hizo, na nakala moja ibaki kwenye shule ya kata, ili mtoto wa Isimani asilazimike kupanda gari kwenda kusikia sauti ya babu yake.

Najua nitajibiwa nini, kwa sababu nimeshajibiwa. Kwanza nitaambiwa msifukue makaburi, yaliyopita si ndwele. Lakini sisi watu wa Iringa tunasimulia damu kila siku na tunajivunia. Wanafunzi tunawapeleka Lugalo, mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mtwa Mkwawa lilimwangamiza Zelewski, kamanda wa Wajerumani, na kikosi chake, na mnara wa Wajerumani waliokufa siku ile bado umesimama. Hatujaubomoa. Tunasimama chini yake tunawaeleza watoto walikuja kufanya nini na walikutana na nini. Tunawapeleka Kalenga wakaone fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954, miaka 56 baada ya kifo chake. Mkungugu nako upo mnara wa kumbukumbu ya Dk. Kleruu, na mjini kipo Chuo cha Ualimu Kleruu chenye jina lake. Kwa hiyo kaburi hili halijafunikwa. Lipo wazi kando ya barabara ya Dodoma, mabasi yanalipita kila siku. Kisichokuwapo ni maelezo.

Najua pia kwa nini Lugalo ni rahisi na Mkungugu ni pagumu. Kule adui alitoka mbali. Huku waliokufa wote wawili ni wetu, mmoja kwa risasi na mwingine kwa kamba, na wote wameacha watoto na wajukuu wanaotembea mitaani na majina yao. Ndiyo maana naomba familia zote mbili ziulizwe kwanza, faragha, kabla tangazo halijabandikwa popote. Zikitaka kuja, zije. Zikitaka kukaa kimya, kimya chao kiheshimiwe na asiwepo mwandishi wa habari wa kuwafuata mlangoni. Na zikija, nawasihi sana, zisipangwe mstari wa mbele ili zishikane mikono mbele ya kamera. Mambo ya namna hiyo watu huyafanya wenyewe, wakitaka, pasipo kiongozi wa kuwahesabia moja, mbili, tatu.

Jibu la pili nitakaloambiwa ni kwamba tutamtukuza muuaji. Hofu hiyo naielewa, hasa kwenu mnaokaa katika kiti alichokikalia marehemu. Mkuu wa mkoa aliuawa akiwa kazini, na mtu yeyote anayekitumikia kiti hicho ana haki ya kuuliza kama mjadala huu unaweza kumpa mtu mawazo mabaya. Mimi naona hatari hiyo iko zaidi katika ukimya. Hadithi ya shujaa aliyempiga risasi mkubwa inastawi vijiweni kwa sababu hakuna anayeleta ukweli wa kuipinga. Tukisoma ushahidi wenyewe, tutamkuta mtu aliyefuata bunduki nyumbani badala ya kufuata wazee, na tutamkuta kiongozi msomi, mchapakazi, aliyeingia shambani kwa mtu bila mtu wa kumsindikiza wala wa kusuluhisha. Hatutapata shujaa. Tutapata watu.

Na tutapata somo la utawala ambalo hata nyinyi wenyewe mnalihitaji. Baada ya kifo kile kasi haikupungua. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mtu wa vijijini awe amehamia. Watu kwa mamilioni walihamishwa, vijiji zaidi ya 7,000 vikaandikishwa. Ushawishi uliohubiriwa 1967 ukawa amri katika muda wa miaka sita tu, na katikati ya miaka hiyo sita ndipo ilipo Krismasi ya Mkungugu. Afisa tarafa kijana anayepangiwa kazi leo, anayetumwa kwenda kuwaambia watu wahame kupisha mradi, anapaswa kuijua kesi hii kabla hajawasha pikipiki yake.

Maana jambo lenyewe halijaisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, katika kifungu cha 15, inathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa wakati wa kuhamishia watu vijijini, kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977. Kabla yake, sheria ya mwaka 1992 ilijaribu kufuta kabisa haki za kimila za waliohamishwa, mpaka Mahakama ya Rufani mwaka 1994, katika kesi ya Akonaay, ikatamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Mabaraza ya ardhi ya kata yanajua ninachokisema. Mtu anakuja na babu yake aliyefyeka, mwingine anakuja na kijiji kilichomgawia baba yake, na wote wawili wanasema kweli. Mipaka aliyokuwa akiionyesha yule mzee kwa kiganja chake ukumbini ni mipaka hiyo hiyo.

Kwa upande wa shule, kazi imerahisishwa. Sasa tuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na linafundishwa kwa Kiswahili. Nafasi ipo. Sina shaka kwamba kidato cha tatu wangeweza kupewa hukumu iliyotafsiriwa, wakagawanywa upande wa mashitaka, upande wa utetezi na wazee wa baraza, wakaijadili kwa wiki mbili, na wangejifunza humo sheria, ardhi, siasa na adabu ya kusikilizana. Lakini mwalimu hawezi kufundisha kwa hadithi za kijiweni. Nipeni karatasi.

Kuhusu gharama, hatuombi ukumbi wa mamilioni. Turubai, viti vya shule, kipaza sauti kinachofanya kazi, na gari la kuwachukua wazee wa Nyang'oro na Malengamakali na kuwarudisha kabla ya giza. Mkalimani wa Kihehe awepo. Kila mzee apewe muda wake wote. Wasomi nao wakaribishwe, wasikilize kwanza, wazungumze alasiri.

Na tarehe ichaguliwe vizuri. Isiwe Desemba 25, kwa sababu ni sikukuu na ni msimu wa kulima. Isiwe Nane Nane, kwa sababu siku hiyo kila kiongozi ana haraka ya kwenda kwingine. Katikati ya Julai mahindi yameshashuka, mtama unakaribia kuisha, na wazee wana nafasi. Hukumu iliyotafsiriwa itufikie mapema, angalau mwezi mzima kabla, iwe imechapwa kwa herufi kubwa ili isomwe kwenye mikutano ya vitongoji.

Jibu lenu, likiwa la ndiyo au la hapana, naomba libandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata zote za Isimani. Huko ndiko watu wanakosoma.

Wasalaam,
Mwalimu wa historia, Isimani